Nyota Tano za Rungu Janja

Wenye simu wazilaze kifudifudi, wenye masikio wasogee karibu. Habari hii ni ya nchi ya mbali mno, mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja wenu mwenye shangazi kule, kwa hiyo asije mtu akasema nimemsengenya. Jina la nchi silitaji. Si woga, jamani. Ni kwamba jina lake hubadilishwa kila Mtukufu Rais anapopata simu mpya, na nikitaja la leo, kesho mtaniita mwongo.

Nchi ile ilikuwa na amani tele. Nalisema hili mapema kwa sababu kule ukichelewa kulisema unaweza usiwe na meno ya kulisemea. Kulikuwa na programu ya simu iitwayo Pamoja, na kila asubuhi Mtukufu Rais aliweka humo picha yake: leo anakunywa uji, kesho anafunga kamba za viatu, siku nyingine amesimama tu anamtazama ng'ombe, na ng'ombe naye anamtazama. Kila raia alitakiwa kuitumia picha hiyo moyo mwekundu kabla hajagusa chai. Hakuna aliyelazimishwa. Asiyetuma alitembelewa tu nyumbani na askari, wakamuuliza kwa upole kulikoni, na kwa upole huohuo wakamvunja mbavu.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Askari walipiga ovyo. Huyu alilenga mgongo akapata jicho, yule alisahau amefikia wapi akaanza upya, na watu wakawa wanakufa bila utaratibu. Mabalozi wa nje walipouliza takwimu, hazikuwepo. Serikali, ambayo ilikuwa serikali ya kisasa, iliona aibu kubwa.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Masudi Kilindo, ambaye watu wote walimwita Mwalimu Bofya. Kazi yake ilikuwa kutoa maoni. Simu mpya ikitoka, Masudi ndiye aliyeamua mbele ya kamera kama ni simu au ni kipande cha bati. Saa ya mkononi inayopima usingizi, miwani inayopiga picha, feni inayoitika ukiiita, vyote vilipita mikononi mwake. Alichokisifu kiligombaniwa, alichokibeza kiliota vumbi madukani. Na alivipenda, weh! Akifungua boksi jipya alianza kwa kuingiza pua ndani na kunusa, macho ameyafumba, hana habari na dunia.

Alikuwa na mchezo wake uliompa umaarufu. Katikati ya somo la kutumia kifaa fulani angekunja uso, akajikuna kidevu na kusema, "Ehe! Hapa mimi sijui. Sijui kabisa, wallahi." Basi hapo wafuasi wake nchi nzima walikimbizana kuandika jibu, na aliyetangulia kupatia alitajwa jina hewani. Zawadi yenyewe ndiyo hiyo, kutajwa jina. Watu waliacha vyungu vikiungua. Kuna bwana aliyemwacha mkewe kwenye leba, akatoka nje kutafuta mtandao mzuri, na alipotajwa jina alirudi ndani akamwita mtoto Bofya.

Na somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa hili: kifaa chochote kikiganda, usikipige, usikitukane, shika vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, wala usiachie mpaka kitetemeke, kitaamka chenyewe. Watu walilijua somo hilo vizuri kuliko wimbo wa taifa, ambao nao ulikuwa ukibadilishwa pamoja na simu.

Mtu mmoja tu hakulijua, na mtu huyo alikuwa dada yake. Siwema aliuza kuku sokoni. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea Masudi, akamsomesha kwa kuchinja na kunyonyoa, hata vidole vyake vikawa havitoki harufu ya maji ya moto na manyoya. Simu yake ilikuwa kitochi, kile cha vitufe na kitaa kichwani, alichokifunga kwenye pindo la kanga.

"Dada, dunia imekwenda mbele," Masudi alimwambia kila alipokwenda kumsalimia.

"Iende salama," alijibu Siwema, kisu mkononi, jogoo chini ya mguu. "Yangu inapiga, inapokea, inanimulikia nikienda chooni. Hiyo yako inafanya nini zaidi? Inafua?"

"Na moyo wa Mtukufu je? Kitochi hakitumi moyo, dada. Watakuja."

"Moyo ninao mmoja, mdogo wangu, nilishakupa wewe zamani. Yeye ana mama yake." Akamkata jogoo shingo, akamtupa kwenye beseni, akauliza kama Masudi amekula.

Askari walimwacha kwa sababu wakati ule watoro wa mtandao walitajwa na mjumbe wa mtaa, na mjumbe wa mtaa alipenda sana firigisi.

*

Siku moja Waziri wa Utulivu na Mawasiliano, Mheshimiwa Daktari Lukolela, aliwaita watu wote wakubwa kwenye ukumbi wake kuzindua kifaa kipya. Masudi alikaa mstari wa mbele, kamera imewashwa, wafuasi wamejaa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Tumetoka mbali! Babu zetu walipigwa kwa fimbo ya mpera. Baba zetu walipigwa kwa mkanda wa suruali. Sisi wenyewe, na hapa nasema kwa uchungu, tumepigwa kwa mti wa kawaida, mti usiojua kusoma wala kuandika! Nasema basi! Kuanzia leo, mwana wa nchi hii hatapigwa tena kishamba. Atapigwa kwa teknolojia!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kitambaa kikafunuliwa, na hapo kwenye mto wa mahameli palikuwa pamelala Rungu Janja: jeusi, la mpira mgumu wenye chuma ndani, taa ya buluu kichwani, kioo kidogo kwenye mpini na vitufe viwili pembeni. Lilikuwa na sauti ya mwanamke mpole kuliko mwalimu wa chekechea. Lilihesabu mapigo lenyewe, likapima uzito wa kila pigo, na mwisho likamwonyesha aliyepigwa nyota tano ili aseme kama ameridhika na huduma. Akitoa chini ya tano, huduma ilirudiwa mpaka aridhike.

Alihitajika mzalendo wa kujitolea. Akaletwa mzee mmoja aliyejitolea akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, povu la sabuni bado liko sikioni. Rungu likakabidhiwa kwa Sajenti Nyengo, mtu mpana kama kabati, mwenye vidole vinene vilivyogombana na kila kitufe alichowahi kukigusa.

"Karibu," lilisema rungu. "Tafadhali lala kifudifudi. Huduma inaanza."

Sajenti akashusha. Pigo la kwanza lilimkata mzee pumzi asipate hata kulia. La pili lilitua juu ya bega, na mfupa ukalia hadi mstari wa nyuma. "Hongera," lilisema rungu, "uzito mzuri." La tatu, la nne, mzee akawa anachimba zulia kwa kucha, damu inamtoka puani na kuchanganyika na povu la kinyozi, na kila pigo lilipotua taa ya buluu ilikonyeza. Alipogeuziwa kioo alikuwa ameshika jino lake kiganjani. Akatoa nyota tano bila kufikiri. Waziri alifuta machozi ya furaha.

"Sasa tumsikie mtaalamu," alisema. "Mwalimu Bofya, maoni!"

Masudi alipanda jukwaani akalipokea rungu. Lilikuwa la moto. Sitawaficha, alitaka kulirudisha, maana mzee yule alikuwa akikokotwa kwa miguu mbele yake. Lakini kifaa kilikuwa kipya, na mikono yake ilishazoea. Akalipima, akaligeuza, akalinusa kidogo.

"Mshiko mzuri," alisema. "Sauti safi. Chaji inakaa. Joto linapanda upesi, hapo nahofia litaganda kazini. Ila kasoro kubwa ni nyingine. Limeitwa janja, lakini halimjui linayempiga! Simu yangu inaujua uso wangu. Kwa nini hili lisiunganishwe na Pamoja, likajua lenyewe nani hajatuma moyo, likamwongoza askari mpaka mlangoni? Ya nini kumtegemea mjumbe wa mtaa?"

Aliyasema hayo kwa nia njema, kama mtu anayekuambia chandarua chako kina tobo. Waziri akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka. Mwandishi mmoja wa habari aliinua mkono na kuuliza, je, rungu likiganda katikati ya huduma?

"Swali zuri," alisema Waziri, na mwandishi yule akatolewa nje. "Sheria iko wazi. Pigo lisilohesabiwa ni ukatili, na nchi yetu haina ukatili! Likizimika likagoma kuwaka, mwananchi anaamka, anajikung'uta vumbi, anakwenda zake nyumbani. Sisi si wanyama."

*

Masudi alikuwa njiani kurudi, bado anasoma pongezi za wafuasi, akili ilipomrudi. Alisimama barabarani, magari yakampigia honi. Siwema! Rungu halili firigisi.

Akakimbia sokoni. "Dada, nakuomba, chonde, nakununulia simu sasa hivi. Uwe unatuma moyo tu, kidole kimoja, basi."

"Mikono yangu ina damu ya kuku mchana kutwa," alisema Siwema. "Nitachafua hicho kioo chako."

"Dada, watakuua!"

Siwema alimtazama, akacheka, akamfuta jasho kwa pindo la kanga kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa na pua inayotiririka. "Wakiniua watakula nini Jumapili? Nenda ukale, umekonda."

Basi Masudi akafanya la kufanya. Alimpiga dada yake picha akiwa amebeba jogoo, akamfungulia akaunti ya Pamoja ndani ya simu yake mwenyewe bila kumwambia, na kila asubuhi akawa anatuma mioyo miwili, mmoja wake, mmoja wa Siwema. Akaona ameyamaliza. Na kwa kweli alikuwa ameyamaliza, kama angebaki na simu ileile.

*

Rungu Janja likaingia mitaani, na utulivu uliosambaa ulikuwa wa kutisha. Fundi cherehani mmoja alitangulia kupiga funda la chai ndipo akatuma moyo. Rungu likambishia hodi, na tangu siku hiyo hashoni tena, maana vidole havikunjiki. Mama lishe mmoja aliishiwa bando kabla picha ya Mtukufu haijafunguka. Alijaribu kueleza habari za bando, lakini alikuwa akielezea taya ikiwa mkononi, askari hawakumwelewa. Kuna kijana msomi aliyetoa nyota nne, akasema huduma yoyote ina nafasi ya kuboreshwa. Waliiboresha kuanzia magharibi, na waliomwosha walisema hawakupata pa kumshika.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Sajenti Nyengo alikuwa akimhudumia muuza samaki katikati ya soko, jua kali, rungu likapata joto na kuganda. Kioo kikawa cheusi. Sajenti alilipuliza, akalitikisa, akalipapasa kwa vile vidole vyake, wapi! Askari walikatazwa kutazama mtandao wakiwa kazini, na wao walikuwa kazini siku zote, kwa hiyo masomo ya Mwalimu Bofya hawakuyajua. Sheria ikafuatwa. Muuza samaki akaamka, akatema damu, akajikung'uta vumbi, akaenda zake nyumbani huku Sajenti amekaa juu ya ndoo ya dagaa analia. Mkewe muuza samaki alipika pilau. Siwema aliyaona yote kutoka kibandani kwake, akamsimulia Masudi kwa kicheko.

Masudi hakucheka sana, alikuwa na haraka. Siku hiyohiyo Waziri alikuwa amemtumia zawadi kwa wazo lake zuri. Ilikuwa simu ya kukunja mara tatu, ya pekee nchi nzima ukiondoa ya Mtukufu.

Jamani, mngemwona! Alilifungua boksi hewani mbele ya nchi. Akaingiza pua, akanusa mpaka machozi. Akaikunja, akaikunjua, ikawa pochi, ikawa kitabu, ikawa sinia. Simu ikamuuliza ahamishe nini kutoka kwenye ile ya zamani. Picha? Ndiyo. Nyimbo? Ndiyo. Akaunti yako? Ndiyo. "Kuna akaunti nyingine humo," ilisema simu. "Tuihamishe?" Lakini wafuasi walikuwa wakipiga kelele waione kamera, na kidole cha Masudi kikabofya palipoandikwa Baadaye.

Ya zamani akaitupa kwenye droo ya kabati. Huko ikaisha chaji taratibu, na picha ya Siwema na jogoo wake ikazimika humo ndani. Asubuhi iliyofuata Masudi alituma moyo wake kwa simu ya kukunja, akaona unavyoruka vizuri kwenye kioo kipana, akautazama mpaka chai ikapoa. Asubuhi nyingine vivyo hivyo. Hakukumbuka kitu.

*

Wiki ya sherehe za taifa ilipofika, Waziri aliandaa Tamasha la Nyota Tano kwenye uwanja wa gwaride, mubashara, na Masudi akaalikwa kuwa mtangazaji. Kioo kikubwa kama ukuta wa ghorofa kilisimamishwa uwanjani ili maoni ya wafuasi wake yaonekane na wote. Alikuja na suti mpya, simu ya kukunja imefungwa kifuani, inarusha kila anachokiona.

"Leo," alitangaza Waziri, "tunaye mtoro sugu! Alitupenda, kisha akatuacha ghafla bila hata kuaga! Hebu aletwe."

Akaletwa Siwema. Manyoya ya kuku yalikuwa bado yameng'ang'ania kanga yake, na mkononi alikishika kitochi kwa sababu hakuna aliyejua pa kukiweka. Ndipo Masudi alipokumbuka ile simu kabatini.

"Masudi!" aliita Siwema alipomwona, akafurahi kabisa, kama mtu aliyepotea akamwona wa nyumbani. "Kulikoni, mdogo wangu? Hawa wanasema nimeacha kuwapenda. Mimi niliwaanza lini?"

Masudi alimrukia Waziri miguuni. "Mheshimiwa, huyu ni dada yangu! Kosa ni langu mimi. Nilibadilisha simu, nikasahau! Nipigeni mimi!"

"Mwalimu, inuka, unachafua suti," alinong'ona Waziri, tabasamu limeganda kwa ajili ya kamera. "Sikumchagua mimi. Rungu limemchagua. Si wewe uliyelifundisha kujua watu? Mimi ni nani niingilie teknolojia? Zungumzia mshiko."

"Karibu," lilisema rungu. "Tafadhali lala kifudifudi."

Siwema hakulala, walimlaza. Sajenti Nyengo akashusha la kwanza, na kitochi kikaruka mkononi kikaangukia nyasi. La pili. La tatu lilimpata nyuma ya mbavu na sauti iliyomtoka Siwema, Masudi aliijua, ndiyo sauti aliyotoa usiku wa msiba wa mama yao, na hakuisikia tena tangu hapo. "Uzito mzuri," lilisema rungu. Askari wawili walikuwa wamemshika Masudi mikono kwa heshima zote. Jua lilikuwa la utosi. Damu ilipita kwenye manyoya yaliyoganda kwenye kanga, yakalowa yakawa mekundu, na Siwema alikuwa akisema jambo moja tu, kwa sauti ya kushangaa zaidi kuliko kulia: "Masudi, si uwaambie? Masudi, si uwaambie?"

Kisha taa ya buluu ikazimika.

Sajenti alishusha tena, mkono ukasita hewani. Kioo cheusi. Rungu limeganda. Sajenti akalipuliza, akalitikisa, akabofya hapa na pale kwa vidole vyake vya ndizi. Hakuna kitu. Msimamizi wa sheria, aliyekuwa ameketi mezani kwa kazi hiyo, akasafisha koo na kusema kwamba kwa kuwa pigo lisilohesabiwa ni ukatili, basi mwananchi, kama rungu haliamki, ana haki ya kuamka yeye.

Na Siwema alianza kuamka. Aliegemea kiwiko kimoja. Alikohoa, akatema, akavuta goti. Mkono mmoja ukaanza kutafuta kitochi kwenye nyasi. Masudi aliona kabisa namna atakavyomchukua, atakavyombeba mgongoni kama alivyobebwa na yeye, atakavyompikia uji, na ile simu ya kukunja atakavyoitupa chooni. Muuza samaki alikwenda nyumbani. Kwa nini Siwema asiende?

"Mwalimu Bofya!" Waziri alikuwa amemgeukia, jasho linamtiririka, nchi nzima inatazama. "Tuokoe na aibu hii! Wewe ndiye mtaalamu. Linaamshwaje?"

Vitufe viwili vya pembeni. Masudi aliviona pale vilipo, vidole vya Sajenti vinavipita kila mara bila kuvigusa kwa pamoja. Maishani mwake hakuwahi kuulizwa swali la kifaa akakosa jibu, na jibu lilikuwa limemkaa mdomoni kama pipi. Akalimeza. Akakunja uso, kidevu kinamcheza, akakishika kwa mkono ili kitulie.

"Sijui," alisema. "Sijui kabisa, wallahi."

Simu kifuani ilitetemeka mara moja. Kisha ikatetemeka mfululizo, haikuacha.

Kwenye kioo kikubwa maoni yalianza kumwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. *Namjua huyu, anatupima! Vitufe viwili! Vya pembeni mwalimu, kwa pamoja! Usiachie mpaka litetemeke! Mimi wa kwanza! Muongo, mimi wa kwanza!* Nchi nzima ilikuwa imeacha vyungu vinaungua.

"Hapana!" Masudi alipiga yowe. "Si mchezo! Safari hii si mchezo, acheni, namwombea dada yangu, acheni!"

*Hahaha, leo kazidi kuigiza!* waliandika. *Mpaka machozi! Vitufe viwili, mwalimu!*

Sajenti Nyengo alikuwa anasoma kioo kikubwa polepole, midomo inacheza, neno kwa neno. Kisha akatazama rungu. Akaweka kidole gumba huku, kidole cha shahada kule, akabana. Siwema alikuwa ameshafika kwenye magoti yote mawili, na kitochi alikuwa amekipata.

Rungu likatetemeka.

"Karibu tena," lilisema, kwa upole uleule. "Samahani kwa usumbufu. Tunaendelea tulipoishia."

Halikuganda tena. Sajenti, kwa furaha ya kuelewa jambo kwa mara ya kwanza maishani, alipiga kwa moyo wake wote, na alilenga kichwa.

*

Sajenti alipomaliza, rungu lilimgeuzia Siwema kioo chake chenye nyota tano tupu. Lilisubiri. "Mteja hajibu," lilisema. "Ndugu wa karibu atoe maoni. Kumbuka, chini ya nyota tano huduma itarudiwa kwa mteja huyuhuyu mpaka aridhike."

Askari walimwachia Masudi mikono. Alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa. Alitazama kilichobaki cha kichwa kile kilichokuwa kikicheka sokoni, akamtazama Sajenti ambaye alishajiweka tayari kuinua tena, ikitokea nyota zikapungua. Akataka kutoa moja. Mwenyezi Mungu shahidi, kidole kilikwenda kwenye nyota ya kwanza, kikasimama hapo. Kisha akamfunika dada yake kwa pindo la kanga, akabofya zote tano, moja baada ya nyingine, ili wamwache.

"Nyota tano!" alishangilia Waziri kwenye kipaza sauti. "Nyota tano kutoka kwa mtaalamu mwenyewe!" Uwanja ukasimama kupiga makofi.

Masudi alikaa palepale, kitochi cha Siwema mkononi, taa yake imewaka mchana kweupe, na kifuani simu ya kukunja ikaendelea kutetemeka. Ujumbe ulikuwa wa mtu mmoja sasa, ndio uliobaki peke yake kwenye kioo kikubwa, na kila alipokosa kujibiwa aliurudia.

*Mwalimu, mimi ndiye niliyetangulia kujibu. Mbona hujanitaja jina?*